Paa Linaoshwa, Halisuguliwi

Maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za majengo za sharika za Kibondo na Kasulu



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, yaani madoa kwenye mapaa ya nyumba zetu. Tumekubali kwa furaha, kwa sababu kila mwaka ofisi ya miradi hupokea maombi ya mabati mapya kwa nyumba za wachungaji na wainjilisti, nyumba za wauguzi na nyumba za walimu wa chekechea. Sababu inayoandikwa mara nyingi ni moja: "paa limechakaa, limebadilika rangi." Tunapofika kuangalia, tunakuta hali za aina tatu. Paa la kwanza limechakaa kweli. La pili ni chafu tu, na likioshwa litatumika miaka mingi. La tatu lilikuwa zima, likaharibika siku lilipooshwa. Hili la tatu ndilo linalotusikitisha zaidi, kwa sababu watu walifanya kazi kwa moyo mwema, wakatoa jasho lao, na mwisho wakabaki na hasara.

Neno letu kubwa leo ni hili: paa linaoshwa, halisuguliwi. Mengine yote tutakayosema yanatoka hapo.

PAA LA NYASI NA PAA LA BATI

Wazee wetu walioishi katika nyumba za nyasi walijua kwamba paa lina msimu wake. Nyasi zilikatwa zikikauka, paa likaezekwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na kila kijana alijifunza kazi hiyo kwa kumwona baba yake. Bati lilipokuja tuliambiwa kwamba ni la kudumu, na wengi wetu tukaelewa kwamba halihitaji chochote. Tukaacha kulitazama. Tunalikumbuka siku linapovuja, au siku tunapotarajia mgeni mkubwa.

Hebu tuelewe kwanza bati ni kitu gani. Wazo la kukunja chuma chembamba kiwe na migongo lilisajiliwa London mwaka 1829, na mwaka 1837 njia ya kukipaka chuma zinki kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa ilisajiliwa Ufaransa. Mpaka leo bati la kawaida ni vitu hivyo viwili: chuma ndani, zinki nje. Chuma ndicho kinachobeba, na zinki ndiyo inayokilinda. Hata bati likipata mkwaruzo mdogo, zinki iliyo jirani hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisiliwe.

Sasa zinki hiyo ni nene kiasi gani? Bati zuri lenye gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, tukijumlisha pande zote mbili, lina unene wa zinki wa kama sehemu 20 za elfu za milimita kwa kila upande. Bati la bei nafuu lenye gramu 100 lina sehemu 7 tu za elfu. Unywele wa mtu una kama sehemu 70. Kwa hiyo anayepanda na mchanga na brashi ya waya kwenye bati la bei nafuu anasugua kinga iliyo nyembamba kama sehemu ya kumi ya unywele. Ikishaondoka, hakuna sabuni wala rangi itakayoirudisha kama ilivyotoka kiwandani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Bati jipya hung'aa, na baada ya miaka michache hufifia na kuwa la kijivu. Kijivu hicho si uchafu. Zinki ikikutana na hewa na unyevu hujitengenezea ngozi ngumu juu yake, na ngozi hiyo ndiyo inayopunguza kasi ya kuliwa. Anayesugua bati mpaka ling'ae tena kama siku ya kwanza amelivua nguo yake.

Tulifika katika usharika mmoja upande wa Kibondo ambako nyumba ya mwinjilisti ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga na maganda ya nazi kabla ya sikukuu. Siku ile bati liling'aa sana na wageni walilisifu. Baada ya masika mawili, upande wote uliosuguliwa ulikuwa mwekundu kwa kutu. Upande wa nyuma, ambao vijana walichoka wakauacha, ulikuwa bado wa kijivu na mzima.

KILA DOA LINA HABARI YAKE

Kabla ya kuosha, tuulize doa hili limetoka wapi. Chukueni kitambaa cheupe, kiloweshwe kwa maji safi, mpanguse sehemu ndogo ya paa, halafu mwangalie kitambaa na mwangalie bati. Katika wilaya zetu, pamoja na Kakonko na Buhigwe zilizogawanywa kutoka kwetu mwaka 2012, tunakutana na madoa ya aina tano.

Kwanza, vumbi jekundu. Udongo wetu ni mwekundu, na nyumba zilizo kando ya barabara za vumbi hupata rangi hiyo kiangazi chote. Kitambaa kinatoka chekundu, bati linabaki la kijivu. Hii siyo kutu hata kidogo. Maombi mengi ya "paa lenye kutu" tuliyoyakagua yalikuwa vumbi.

Pili, masizi. Haya yako upande wa jikoni, juu ya mahali moshi wa kuni unapotokea. Ni meusi na yana mafuta. Yakikaa na unyevu hula zinki polepole, kwa hiyo yaondolewe kila mwaka.

Tatu, ukoga na majani. Upande usiopata jua, chini ya mwembe, mparachichi au mkaratusi, huota utando wa kijani au mweusi. Kwenye vigae hupatikana pia mabaka ya kijivu yaliyogandamana. Majani yanayooza hutoa maji ya kahawia yanayoacha michirizi na kuziba magata. Hatari yake kubwa ni kushika unyevu: bati lililolala chini ya majani mabichi linaoza wakati majirani zake wamekauka.

Nne, unga mweupe. Huu unaonekana hata kwenye mabati mapya ambayo hayajapigwa msumari. Yalinyeshewa yakiwa yamepangwa pamoja, maji yakaingia katikati, hewa isipite. Watu hudhani wameuziwa bati bovu. Kama unga ni mwepesi, tenganisheni mabati, yakauke, mfagie kwa brashi laini na kuyaezeka. Yakipata hewa, unga huacha kuenea.

Tano, kutu yenyewe. Kitambaa kinatoka na rangi, na bati nalo linabaki jekundu na limekwaruza mkono. Hapa zinki imekwisha na chuma kinaliwa. Hii haioshwi ikaisha. Inatibiwa, kama tutakavyoeleza.

JINSI YA KUOSHA

Kwetu nyanda za juu mvua huanza kama Oktoba na kwenda mpaka Aprili au Mei, halafu kiangazi kinashika. Kwa hiyo tunashauri kazi mbili kwa mwaka. Mwezi wa Mei, mvua zikiisha, tanki bado lina maji na ukoga bado ni laini: hapo tuoshe. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua ya kwanza, maji ni ya shida: hapo tufagie paa na kutoa majani kwenye magata, bila kutumia maji mengi.

Utaratibu wa kuosha ni huu:

1. Ondoeni kwanza bomba linaloingiza maji kwenye tanki, au lizibeni. Asipande mtu juu kabla ya hili kufanyika.

2. Fagieni kwa ufagio laini, kutoka kwenye kofia kuteremka chini, mkifuata migongo ya bati.

3. Loweni paa kwa maji matupu. Vumbi jekundu kwa kawaida linaishia hapa.

4. Kwa masizi na ukoga, wekeni sabuni ya kawaida ya kufulia, kiasi kidogo, kwenye ndoo ya lita 20. Tumieni kitambaa, sponji au brashi ya nyuzi laini. Ukoga mgumu ulowesheni, msubiri, mrudie, badala ya kuongeza nguvu ya mkono.

5. Fanyeni kazi asubuhi au jioni, kipande kwa kipande, ili sabuni isikaukie juu ya bati lenye joto.

6. Suuzeni kutoka juu kwenda chini. Msielekeze maji kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, maana yataingia kwenye maungio ya bati na kulowesha papi na kenchi. Ndiyo maana hatushauri mashine za kuoshea magari. Kwenye vigae vya zamani zinapasua na kung'oa.

Kwa mabati ya rangi, yakiwemo yale mafundi wanayoyaita msauzi, utaratibu ni huo huo. Rangi ile nayo ni kinga. Ikikwaruzwa, ukarabati wake ni mgumu kuliko bati la kawaida.

Kwa sehemu yenye kutu kweli, suguweni pale penye kutu tu, kwa brashi, mpaka chuma kigumu. Pangusa, acha ikauke kabisa, paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, halafu rangi ya juu. Bati lililotoboka libadilishwe hilo moja. Usharika mmoja wa Kasulu uliandika kuomba paa zima kwa nyumba ya mchungaji. Baada ya kuosha ilionekana kwamba walihitaji mabati machache ya upande wa jikoni na kofia moja. Waliyanunua wenyewe kwa sadaka ya mavuno.

MAMBO YA KUEPUKA

Majivu. Tunajua majivu ndiyo sabuni ya sufuria tangu zamani. Lakini maji ya majivu, chokaa na saruji mbichi ni vikali kwa zinki, na ni vikali zaidi kwa mabati mapya yaliyochanganywa alumini na zinki. Fundi akimwaga saruji juu ya bati, ioshwe kabla haijakauka.

Asidi. Maji ya betri na dawa kali za vyoo hung'arisha bati kwa dakika chache kwa sababu zinayeyusha zinki yote.

Mrututu. Hili tulisikilize vizuri, maana sisi ni wakulima wa kahawa na dawa zenye shaba ziko majumbani. Ni kweli shaba huua ukoga. Lakini maji yenye shaba yakipita juu ya zinki, shaba hujishika pale na kuharakisha kuliwa kwa bati. Kwa sababu hiyo hiyo, waya au bomba la shaba lisiwekwe juu ya bati mahali ambapo maji yake yatatiririkia.

Bomba la kunyunyizia dawa za shambani. Lisipande juu ya paa hata kama mmelisuuza. Lilibeba dawa za kahawa, tumbaku au pamba, na mabaki yake yataishia kwenye kikombe cha mtoto.

Dawa ya madoa ya kufulia, yenye klorini. Kwenye bati tupu msiitumie, inakula chuma. Kwenye vigae vya udongo ambavyo sabuni imeshindwa, changanyeni sehemu 1 ya dawa na sehemu 3 za maji, mwache kama dakika 15, kisha msuuze kwa maji mengi. Vaeni glovu na mlinde macho. Msiichanganye kamwe na asidi wala na dawa nyingine ya usafi, kwani hutoa gesi ya sumu.

Kuanika muhogo juu ya bati. Tunajua jua la juu ni zuri. Lakini muhogo uliolowekwa una uchachu, unaacha mabaka, na mwanikaji anatembea juu ya bati kila siku. Tutengeneze vichanja.

USALAMA WA ANAYEPANDA

Ndugu wajumbe, bati linaweza kununuliwa tena, mtu hawezi. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye nyumba anaagizwa kujenga ukingo juu ya dari yake, ili damu ya aangukaye isiwe juu ya nyumba yake. Agizo hilo tunalichukua kwa uzito. Siyo sahihi kuwaambia vijana wa kwaya wapande Jumamosi mchana bila maandalizi, kisha tukasema walijitolea.

Ngazi ifungwe juu na ishikwe chini. Wawepo watu wawili au zaidi. Apandaye avae viatu vya mpira vilivyokauka, na afungwe kamba inayoshikiliwa upande wa pili wa paa. Akanyage kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna papi. Katikati ya papi bati litapinda, na misumari italegea. Sehemu kubwa ya paa la nyumba ndogo inaweza kuoshwa kutoka kwenye ngazi kwa ufagio wenye mpini mrefu, bila kukanyaga juu kabisa. Mawingu yakikusanyika, wote washuke: radi za nyanda hizi tunazifahamu.

Tena, kuna majengo ya zamani yenye mapaa ya asbesto. Ni mazito, ya kijivu, yanafanana na saruji, na yana migongo mipana. Hayo hayasuguliwi, hayatobolewi, hayakatwi, wala hayakanyagwi. Nyuzi zake ni nyembamba kiasi cha kutoonekana. Zikivutwa na pumzi husababisha saratani na kuharibu mapafu, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka mingi. Hata doa likichukiza namna gani, liacheni. Mwiteni bwana afya wa wilaya, na utaratibu wa kuliondoa ufuate maelekezo ya mamlaka za mazingira.

KWA NINI TUNAHANGAIKA HIVI: MAJI

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba inayofunika mita 10 kwa 6 ina mita za mraba 60. Ikinyesha milimita 1,000 kwa mwaka, ambazo kwetu si nyingi, zinaanguka lita 60,000. Tukitoa moja ya tano kwa kupotea, zinabaki lita 48,000, yaani madumu 2,400 ya lita 20. Tanki dogo haliwezi kuyashika yote, lakini kila dumu linaloshikwa ni safari moja ya kwenda bondeni ambayo mama au binti hakuifanya.

Maji hayo yanapita juu ya kila kitu tulichokizungumza: vumbi, kinyesi cha ndege, majani, sabuni. Ndiyo sababu baada ya kuosha bomba lisirudishwe mara moja. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe imwagike yote. Baadaye, kila mvua inayokuja baada ya siku kadhaa za ukavu, ile milimita ya kwanza imwagwe. Kwa paa la mita 60 hiyo ni lita 60, sawa na madumu 3. Fundi yeyote anaweza kufunga kipande cha bomba la kushika maji hayo ya kwanza. Kwa maji ya kunywa, bado tuchemshe au tutibu. Na mahali maji yanapokingwa, tusizibe matundu ya paa kwa lami, kwa maana huacha harufu na ladha.

KWA KAMATI NA KWA WAFADHILI

Kwa kamati zetu: kuanzia sasa, ombi la mabati likifika ofisini tutauliza maswali matatu. Paa lilioshwa lini, na kwa nini? Mabati mangapi yana kutu baada ya kuoshwa, na yako upande gani? Nani anashika daftari la paa? Daftari hilo ni la kawaida la shule. Liandikwe tarehe ya kufagia, tarehe ya kuosha, misumari iliyolegea na jina la aliyepanda. Halina gharama, na linamsaidia mjumbe mpya asianze upya.

Kwa wafadhili wetu: tunawashukuru kwa mapaa mengi mliyotuwezesha kuyajenga. Tunaomba jambo moja kwa unyenyekevu. Bajeti nyingi zina fungu la kujenga, chache zina fungu la kutunza. Ngazi nzuri, kamba, brashi laini, rangi ya kuzuia kutu na mafunzo ya siku moja kwa mafundi wawili wa usharika ni vitu ambavyo havipigwi picha ya uzinduzi, lakini vinaongeza maisha ya paa mlilokwisha kulilipia. Na tunapojenga jipya, tukubaliane kununua bati lenye zinki ya kutosha hata kama idadi ya nyumba itapungua kwa moja. Mkumbuke pia kwamba namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Nyumba kumi zenye mabati hafifu zitarudi kwenye meza zenu mapema kuliko tisa zenye mabati mazuri.

Uwakili unaanza na kile tulichokwisha kupewa. Kabla ya Mei ijayo tunaomba kila kamati iwe imefanya jaribio la kitambaa cheupe kwenye nyumba moja tu, na ilete majibu kwenye mkutano wa jimbo. Ofisi itakuwa na fundi tayari wa kutembelea sharika ambazo kitambaa kimetoka chekundu na bati nalo likabaki jekundu. Waliobaki watahitaji ufagio, ndoo na sabuni.